Rekodi Zisizo na Jina la Tatu

Mama Chebet tulimzika Ijumaa, mvua ikitishia na kaka zake wakiharakisha wimbo wa mwisho ili watu wale kabla ya matope. Nilikaa safu ya pili, pale wanapowekwa watu wa karibu wasio wa damu, na wanawake wakanipitishia leso mara mbili kwa sababu nililia kuliko inavyofaa jirani. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Huyu ni nani analia hivi?" Akajibiwa, "Si ni yule Beatrice wa kompyuta. Yule alimtafutia bwanake." Nikainamisha kichwa. Haki ya Mungu, nilitaka kusimama niseme hapana jamani, msinisifu, hamjui. Lakini mazishi si mahali pa mtu kujitangaza, na mimi ni mwoga wa miaka mingi, nimezoea. Watu walipoanza kupakuliwa wali, Chebet, binti yake wa pekee, akanishika kiwiko. "Anti Bea, usiende. Kuna kitu Mama aliacha nikuonyeshe, na kuna swali." Nikamwambia nitangoja. Nikaenda jikoni, nikapewa kikombe cha chai ya maziwa, na nikakaa nacho mkononi bila kunywa, mwaka ule wote ukinirudia.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, ule ulioanza kwa moshi wa ghasia za baada ya uchaguzi. Habari za kwetu ziwani nitaziacha, hazikuniharibu wala hazikuniokoa. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimemaliza chuo cha kompyuta Nairobi, na nilijua kila kitu. Mwulize yeyote aliyefanya kazi na mimi. Mwisho wa Januari nilikuwa narudi Eldoret na cheti changu ndani ya bahasha, na mbele kidogo ya Nakuru vijana wakasimamisha basi. Walikuwa na mapanga, na walikuwa wanauliza majina. Majina, si pesa wala simu. Kitambulisho changu nilikuwa nimekificha ndani ya soksi tangu Naivasha, kwa ushauri wa mama mmoja aliyekaa kando yangu ambaye sijawahi kumwona tena. Kijana akaniuliza, "Unaitwa nani?" Nikasema, "Beatrice." "Beatrice nani?" "Beatrice Mary." Akaniangalia, akaangalia rozari niliyokuwa nimeishika, akapita. Safu mbili nyuma yangu waliteremsha mwanamume aliyetaja jina la babake, jina lililoonyesha kabila lake. Sitaandika nilichosikia. Nilifika Eldoret siku mbili baadaye na kile kitambulisho kikiwa kimenichubua mguu, na wiki mbili nilichechemea.

Nayataja hayo mapema ili usije ukasema sikujua. Nilijua. Hilo ndilo linaniudhi mpaka leo.

Kazi niliipata Februari, katika shirika dogo la makanisa ambalo siku hizi halipo. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili katikati ya mji, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo mpaka leo nikinusa dawa ya kupe moyo wangu unashtuka. Chumba kiligawanywa kwa ukuta wa plaiwudi. Upande wa ngazi kulikuwa na benchi ndefu ambapo watu walikuja kuulizia jamaa zao waliopotea. Upande wa dirisha kulikuwa na kompyuta mbili, birika la umeme, na sisi wawili: mimi na Kiptoo, kijana mpole wa hapo hapo Uasin Gishu ambaye babake alikuwa anapeleka maziwa kwa kituo cha ushirika. Plaiwudi ilikuwa nyembamba. Tulisikia kila neno la benchi, watu wakielezana njia walizopita na nani walimwona mara ya mwisho amevaa nini. Mwanzoni Kiptoo alikuwa akiongeza redio kidogo. Baadaye aliacha, akasema ni kama kumfungia mtu mlango usoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nairobi kulikuwa na ofisi kubwa iliyokusanya fomu za watu waliofukuzwa makwao na kuandikishwa kambini kote nchini, na wakafungua njia kwenye mtandao ya kuzisoma, ile watu wa fani wanaita API. Sisi tukajenga kiunganishi. Ni programu inayobisha hodi kwenye seva yao kila asubuhi, inaonyesha ufunguo wake, inaomba rekodi za tangu jana, inazipokea ukurasa kwa ukurasa, halafu inazipanga kwenye jedwali letu, ili mtu wa kwenye benchi akitaja jina, litafutwe. Siku hizi wanafunzi wangu wanaandika kitu kama hicho kwa alasiri moja. Sisi ilituchukua wiki tatu, na modemu iliyokuwa ikikata laini kila wingu likipita. Wiki ya kwanza tulisoma ukurasa wa kwanza tu, tukashangilia kama wajinga, tukidhani ndio watu wote. Tulipogundua kuna kurasa zingine nyuma yake, Kiptoo akacheka mpaka akamwaga chai kwenye kibodi. Na siku jina la kwanza lilipolingana, bibi mmoja akampata mjukuu wake kambi ya Nakuru, nilitoka nje kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Ilikuwa kazi nzuri. Nataka hilo lijulikane pia.

Jedwali letu lilikuwa na nafasi tatu za majina, na utafutaji tuliuegemeza kwenye la tatu, jina la ukoo, kwa sababu akina Mary na akina John hawahesabiki. Siku moja mwanzo wa Machi Kiptoo akaniita. "Bea, kuja uone. Kuna rekodi hazina jina la tatu. Zinakwamisha programu." Nikatazama. Kweli, nafasi ilikuwa wazi. "Weka kando," nikamwambia. "Kando wapi?" "Tengeneza faili ingine. Iite mbovu. Programu ikikuta hakuna jina la tatu, itupe huko." Akasita. "Lakini hawa ni watu." Na mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Ni fomu zilijazwa vibaya. Mtu mzima hajui jina la babake? Kule kwa kituo cha maziwa, mzee wako akileta maziwa yameharibika, si anarudishiwa?" Akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Sheria yenyewe niliiandika mimi, mstari mmoja, kwa mikono yangu. Jioni hiyo programu ilikimbia bila kukwama hata mara moja, na nikanunua mandazi ya kusherehekea.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Pioneer, katika ploti ya vyumba sita vilivyotazamana, bomba moja katikati. Mwisho wa Machi Mama Chebet akahamia chumba cha mkabala, yeye na msichana wa miaka tisa na kichwa cha cherehani kisicho na meza. Alikuwa mrefu, mkavu, na mkaidi kwa ukarimu. Kwake kikombe hakikuisha. Ulikuwa hujafika nusu, anakijaza, na ukikataa anakasirika: "Nikikuacha na kikombe kitupu si ni kama nimekwambia uende?" Jumamosi alipika githeri, mahindi na maharagwe, ingawa mwenyewe hakuipenda na mtoto aliichokora tu. Jumamosi ya tatu nikamwuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Ni chakula ya Baba yake. Sitaki mtoto asahau harufu."

Baba yake alikuwa Simon Peter Kariuki, fundi wa nguo wa mtaa wa Huruma, hapo hapo Eldoret, mtu wa upande ule mwingine, kama tulivyokuwa tunasema tukiogopa kutaja kabila. Siku nyumba zilipochomwa, kaka zake mama walikuja na pikapu wakamchukua yeye na mtoto, na mume wakamwambia akimbilie uwanja wa maonyesho, ambapo watu wake walikuwa wamekusanyika. Ilikuwa kumwokoa, hakuna aliyemchukia. Simu ya mumewe iliungua pamoja na duka. Laini ya Mama Chebet, kaka yake mkubwa aliivunja baada ya dada yake kutumiwa jumbe za vitisho kwa sababu ameolewa huko. Alipoweza kwenda uwanjani, malori yalikuwa yameshawabeba wengi kuelekea Nakuru na kwingine, na macho aliyotazamwa nayo, alipotaja jina lake mwenyewe, yalimfanya arudi mbio. Hata mtoto walimpunguzia jina. Nyumbani alikuwa Wambui, jina la mama wa babake, na Chebet kwa wajomba. Mwaka ule akawa Chebet tu.

Nilipomwambia kazi yangu, alifuta mikono kwa leso. "Yaani wewe unaweza kumwona?" "Kama ameandikishwa, nitamwona." "Ameandikishwa," akasema. "Bwanangu ni mtu wa utaratibu." Basi kila asubuhi kabla sijatoka alikuwa amesimama mlangoni na chai. Na kila jioni, nikiingia tu kwenye lango, alikuwa anasimama, sufuria mkononi, bila kuuliza. Nilikuwa natikisa kichwa. Anaketi. Halafu ananipikia. Nilikuwa natafuta Kariuki kila siku ya Mungu, kwa r, kwa l, kwa kila namna karani angeweza kukosea. Wengine walitokea, wazee, watoto, hakuna fundi wa Huruma. Jioni nilimfundisha Chebet hesabu juu ya kitanda chao, mama akiokota mawe kwenye maharagwe, na mara nyingine alikuwa anasema, bila kuinua uso, "Labda hataki tumpate." Nikamwambia asiseme hivyo. Moyoni nilishaanza kuamini alikufa Januari, na nikawa najiandaa namna ya kumwambia. Nilijiona mwenye huruma sana.

Julai, saa nne ya asubuhi, nilikuwa na andazi mdomoni. Nyuma ya plaiwudi wanawake wawili walikuwa wanaongea, waliokutana benchi kwa mara ya kwanza. Mmoja akauliza, "Na wewe kule kambini uliandikisha jina lote?" Mwenzake akacheka kile kicheko kikavu. "Lote? Na karani mwenyewe sijui ametoka wapi? Nilimwambia Mary Margaret, basi." Yule wa kwanza akasema, "Hata sisi. Wote tulikuwa watakatifu watupu. Mimi nilikuwa Anna Cecilia." Wakacheka wote wawili.

Niliacha kutafuna. Mguu wangu ulianza kuwasha pale soksi ilipokuwa imenichubua. Beatrice Mary. Kijana amesimama mbele yangu na panga, na mimi nimemeza jina la babangu kama kidonge. Halafu nikaja mjini, nikapewa meza, nikaandika sheria inayomtupa kila mtu aliyefanya nilichofanya mimi. Kiptoo aliniangalia tu, akajua. Na yeye alikuwa amesikia. Nikafungua ile faili. Programu ilikuwa ikiijaza kila asubuhi tangu Machi bila kulalamika. Peter Paul. Grace Elizabeth. John Baptist. Zilishuka na kushuka, na nafasi ya tatu nyeupe kwa kila mmoja.

Simon Peter alikuwa karibu na mwanzo. Fundi cherehani. Ametoka Huruma, Eldoret. Anatafuta mke, Mama Wambui, na mtoto msichana wa miaka tisa. Kambi ilitajwa, upande wa Nakuru. Chini ya hapo palikuwa na sehemu ya hali, iliyobadilishwa baadaye na karani mwingine: amefariki, mwezi wa tano. Na mstari wa mwisho kabisa, tarehe ya kuandikishwa: mwezi wa tatu.

Kiptoo alipiga simu kambini. Akaweka kipaza sauti. Mama mmoja wa huko alimkumbuka vizuri. Alisema mvua ndefu za masika ziliwakuta ndani ya hema, akashikwa na kifua, hakuchukua muda. Alisema alikuwa mtu wa watu, akiwashonea watoto wa kambi kwa mkono, sindano na uzi tu, na mishono yake ilikuwa imenyooka. Halafu akasema, "Alikuwa anatusumbua sana huyo. Kila Jumatatu alikuwa anakuja kwa meza ya karani. Tulimwambia majina yanasomwa Eldoret kila asubuhi. Kwa hivyo anauliza, Eldoret wamesoma? Tunamwambia, wamesoma, ngoja. Anarudi kungoja." Kiptoo akamshukuru, akakata simu. Akakaa. Baadaye akasema, "Ile sheria tuliandika wawili." Nikamwambia asinidanganye, ni mimi. Mchana huo tuliifuta, tukairudisha faili nzima ndani ya jedwali, na kabla ya wiki kuisha watu kadhaa wakapatana, wakaja kutushukuru kwa kuku na maziwa lala. Nilipokea. Ningefanya nini.

Rekodi ya Simon Peter niliichapisha. Nilitaka mkewe awe na kitu cha kushika. Nikaisoma ikiwa bado ina joto la printa, nikafika mstari wa mwisho, nikachukua makasi ya Kiptoo na kuukata. Nilijiambia namhurumia, kwamba mwezi wa tatu haungemsaidia, ungemchoma tu. Uongo. Nilikuwa najihurumia mimi. Nilikuwa nimemzoea mwanamke yule akisimama na sufuria nikiingia, na sikuwa tayari apate sababu ya kubaki ameketi.

Nilimkuta anachambua maharagwe. Aliona uso wangu na hakusimama. Nilimwambia yote isipokuwa lile moja: nimempata, alifika salama, aliugua, amezikwa huko. Msichana alikuwa bombani, tulimsikia akiimba. Mama Chebet aliuliza kitu kimoja. "Alitutafuta?" "Aliwatafuta kila wiki." Akafumba macho. "Asante Mungu," akasema, na hapo ndipo alilia, kwa sababu miezi ile yote alikuwa anaogopa zaidi kwamba amewachukia. Akaichukua karatasi. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, na kilipofika chini kikapita juu ya ukingo uliokatwa, kikaenda, kikarudi. "Hii karatasi ni fupi," akasema. Nikasema, "Printa ilikuwa na shida." Akanitazama. Halafu akasema, "Sawa. Kunywa chai, inapoa," na akakijaza kikombe changu.

Miaka kumi na saba alikijaza. Niliondoka Pioneer, nikaanza kufundisha, nikapata watoto wangu, na kila Jumapili baada ya kanisa nilienda kwake, na nikichelewa ananipigia simu: "Kwani umenikasirikia?" Aliwalea wanangu likizo. Niliposhikwa na malaria alilala sakafuni kando ya kitanda changu. Darasani, kila mwaka, nawaambia wanafunzi kwamba wakikuta nafasi iliyo wazi wasiitupe, waulize kwanza ni nani aliyeiacha wazi na alikuwa anaogopa nini. Wanaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi. Na kila Jumapili nilikuwa naenda kwake nikiwa nimejiapiza kwamba leo nitasema, na kila Jumapili nilikula, nikacheka, nikafunga chakula cha watoto kwenye bakuli, nikaondoka bila kusema. Nimeolewa na nimezaa na nimezika wazazi, lakini sijui kitu kilichonichosha kama hicho.

Chebet aliingia jikoni watu walipopungua. Ni mwanamke wa miaka ishirini na sita sasa, mwalimu, ana vidole virefu vya babake, naambiwa. Alikuwa na kitabu cha nyimbo cha mamake, na ndani yake, kwenye karatasi ya nailoni, ile rekodi. Imekuwa ya manjano, imekunjwa mara nne, ukingo wa chini umenyooka kama nilivyoukata.

"Mama alisema nikuulize," akasema. "Hapa palikatwa palikuwa pameandikwa nini?"

Nikamwuliza kwa nini mama hakuniuliza mwenyewe.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema ukiulizwa ungesema ukweli, halafu ungeona aibu, na usingekuja tena Jumapili." Akaifunua karatasi juu ya meza, akailainisha. "Lakini akasema mimi nina haki ya kujua. Ni babangu."

Basi nikamwambia. Nilimwambia kuhusu soksi na panga, kuhusu jedwali na nafasi ya tatu, kuhusu kituo cha maziwa na jinsi tulivyocheka. Nilimwambia habari za Jumatatu na meza ya karani. Nilimwambia kwamba mstari ule ulisema mwezi wa tatu. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akakunja vidole kimoja kimoja kama nilivyomfundisha juu ya kile kitanda Pioneer. Wa tatu. Wa nne. Wa tano.

"Kwa hivyo alikuwa hai," akasema, "wakati ulikuwa unakula githeri kwetu."

"Ndiyo."

"Na angekuja."

"Angekuja. Au tungempelekea nyinyi."

Nikamwita Wambui. Nikamwambia nisamehe. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha ndani ya kitabu. Halafu akachukua kikombe kutoka mkononi mwangu. Chai ilikuwa bado imejaa, imepoa, imefanya utando juu. Akaimwaga kwenye ndoo, akakisuuza kikombe, akakifudikiza kwenye rafu pamoja na vingine.

Nilingoja kidogo. Kisha nikachukua koti langu.